Uzi: Mume ana virusi 212,000, mke 9,400. Karatasi hii inaweza kusema nani alianza?

MtotoWaMakorora (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Niko Tanga. Mniwie radhi kwa urefu, jambo lenyewe lilikuwa la chumbani na sasa limefika barazani.

Dada yangu na mumewe wamepima mwezi uliopita, wote wana VVU. CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU, wakaambiwa waanze dawa, na dawa wameanza. Lakini kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, shemeji aliwapeleka maabara moja ya binafsi, akalipa mfukoni mwake wapimwe wingi wa virusi. Majibu yakatoka, kwa kila mililita ya damu: yeye 212,000, dada 9,400. Balaa likaanzia hapo.

Kaka mkubwa wa shemeji, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, ameipata ile karatasi na anatembea nayo. Anasema dada ana virusi vichache kwa sababu mwili wake umeshavizoea, yaani ameishi navyo miaka, kwa hiyo yeye ndiye aliyevileta. Vya mdogo wake vinachemka kwa sababu ni vipya. Upande wetu mjomba kapindua: mwenye vingi ndiye chanzo, vimejaa kwake vikamfikia mke. Karatasi moja, hukumu mbili, na Jumapili kuna kikao cha koo zote mbili pale Ngamiani.

Swali langu: kitaalamu kuna ukweli wowote hapo? Na kama kirusi ni kile kile kimetoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa nini tofauti iwe kubwa hivi? Wa matusi naomba mpite tu.

Kifaru_wa_Pwani

Mwenye nyingi ndiye aliyeanza kukusanya mapema, hesabu ya darasa la nne hiyo. Mjomba wako yuko sahihi, nendeni Jumapili mkale pilau.

Asiyejulikana_Raskazone

Mimi naona kaka mkubwa ndiye yuko sahihi. Mwili ukikaa na ugonjwa unajenga kinga. Ndiyo maana mgeni akija Tanga malaria inamlaza, sisi wenyeji tunapiga chafya tu.

BiMaabara

Mwanangu MtotoWaMakorora, pole sana. Nimefanya kazi za maabara mkoani humu mpaka nikastaafu, na kesi ya karatasi si ngeni kwangu. Jibu la kupeleka kikaoni ni fupi: haiwezi. Haimsaidii mjomba wala haimsaidii kaka mkubwa. Sasa nifafanue, maana neno "haiwezi" peke yake wazee hawatalipokea.

Kirusi kikishaingia mwilini, kwa siku kama 10 za mwanzo hakisomeki kwenye damu hata kwa mashine ya gharama. Kinazaliana kwenye utando na kwenye tezi. Kisha kinamwagika. Kuna utafiti ulifanyika Mbeya, Kericho, Kampala na Thailand, ukachapishwa 2016. Walichukua watu wasio na maambukizi lakini walio katika hatari, wakawa wanawapima tone la damu mara mbili kwa wiki ili atakayeambukizwa anaswe siku za mwanzo kabisa. Kwa mtu wa katikati ya kundi, tangu siku kirusi kinaposomeka kwa mara ya kwanza hadi kileleni ni siku 13, na hapo kileleni kuna virusi kama milioni 5 kwenye mililita moja ya damu. Baadaye vinashuka vyenyewe, bila dawa. Siku ya 31 viko kama 20,000. Siku ya 42 vimetulia karibu na 25,000.

Angalia basi. Mtu yule yule, ndani ya wiki chache, milioni 5 na 25,000. Kaka mkubwa ameshika kipande cha kweli: mpya kabisa anaweza kuwa navyo vingi. Mjomba naye ameshika kipande kingine: mtu aliyekaa miaka mingi bila dawa, kinga ikishachoka, virusi vinapanda tena. Hiyo 212,000 inaweza kuwa ya mtu wa wiki ya nne anayeshuka. Inaweza kuwa ya mtu wa miaka minane anayepanda. Inaweza pia kuwa ya mtu wa mwaka mmoja ambaye mwili wake ndipo ulipotulia. Mashine inatoa wingi, haitoi tarehe.

Na mimi nina swali kwako. Dada ana mtoto anayenyonya?

Kifaru_wa_Pwani

Mama shikamoo, nimefuta utani wangu. Ila umesema wa katikati anatulia kwenye 25,000. Hao wa pembeni wanatulia wapi, na kwa nini?

DaktariMchanga

Naomba nimsaidie mama hapo. Wa pembeni wako mbali sana. Wapo wanaotulia chini ya 1,000, wapo wanaopita 500,000, wote bila dawa. Na wapo wachache, hawafiki 1 kati ya 100, ambao kirusi hakisomeki kabisa ingawa kipo. Ndiyo maana wataalamu huhesabu kwa sifuri: kutoka 10,000 kwenda 100,000 ni hatua moja. Kupanda au kushuka chini ya mara 3 hata hatukuhesabu, hiyo inaweza kuwa mashine tu au siku yenyewe. Tofauti ya dada na shemeji ni zaidi ya mara 22, kwa hiyo ni tofauti ya kweli. Kinachobishaniwa ni maana yake.

Kwa upande wa mwenye mwili, kinachotofautisha watu kuliko vyote ni jeni zinazoitwa HLA, ziko kwenye kromosomu ya 6. Kazi yake ni kuchukua vipande vya vilivyomo ndani ya seli na kuvianika nje, kama mchuuzi wa Ngamiani anavyotandaza bidhaa mlangoni ili mpita njia aone. Mpita njia ni seli ya kinga iitwayo CD8. Ikiona kipande cha kigeni, inaiua seli nzima. Sasa kila mtu amerithi aina zake za HLA kwa baba na mama, na kila aina inaanika vipande tofauti. Wenye HLA-B*57, B*58:01 au B*81 wanaanika vipande vya Gag, protini inayojenga ganda la ndani la kirusi. Pale kirusi hakiwezi kubadilika hovyo bila kujilemaza. Kwa hiyo kinabanwa, na virusi vinatulia chini.

Halafu kuna B*58:02. Inatofautiana na B*58:01 kwa asidi amino 3 tu, lakini wenye nayo virusi vyao hutulia juu. Watafiti wa Afrika Kusini waliyaona haya kwa uwazi mwaka 2004. Hakuna aliyechagua HLA yake na hakuna aliyeipata kwa tabia njema. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, sembuse mke na mume ambao hawana hata babu mmoja.

MkongeMweupe

Hayo ya B57 sijui nini ni ya wazungu. Kwetu tunajua mwenye damu kundi O hapati UKIMWI, basi.

DaktariMchanga

Mkuu, kundi O ni suala la chembe nyekundu na kuongezewa damu. VVU havikai humo, vinaingia kwenye seli za kinga ziitwazo CD4. Wenye kundi O tunao CTC kila siku, na wengine walikuja wamechelewa kwa sababu ya maneno hayo hayo.

Na kuhusu "ya wazungu", umenigusa pazuri. Kweli kuna kinga moja ambayo ni yao zaidi: kasoro ya jeni ya CCR5, ambao ni mlango wa pili wa kirusi kwenye seli. Aliyeirithi kwa baba na mama ni vigumu sana kuambukizwa, na aliyeirithi kwa mmoja virusi vyake hutulia chini kidogo. Yule Timothy Ray Brown aliyepona VVU huko Berlin alipandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo. Kwa Waafrika kasoro hiyo karibu haipo. Lakini mwaka 2023 walipochunguza jeni za watu karibu 3,900 wenye asili ya Afrika, wakakuta kitu kwenye kromosomu ya 1, karibu na jeni ya CHD1L. Wenye badiliko hilo virusi vyao hutulia chini, na linaonekana kwa watu wenye asili ya Afrika tu, kati ya 4 na 13 katika kila 100. Miaka yote halikuonekana kwa sababu tafiti kubwa za jeni zilikuwa zikifanywa kwa Wazungu. Hilo ndilo la kulalamikia, mkuu, si kundi O.

BiMaabara

Daktari umesahau kubwa na liko wazi mbele yetu: mmoja ni mwanamke.

Mwaka 2001 ulitoka utafiti wa Baltimore, Marekani. Walipima watu waliotoka kuambukizwa karibuni. Wanawake, katikati ya kundi, walikuwa na virusi kama 15,000, wanaume kama 50,000. Mara tatu na zaidi, na hapo hakuna ndoa wala shemeji. Inaonekana kinga ya mwanamke huamka kwa ukali zaidi siku za mwanzo. Lakini msikilize la pili: wale wanawake walifika kwenye UKIMWI kwa kasi ile ile ya wanaume. Yaani 9,400 ya mwanamke haina utulivu ambao wazee wanaufikiria. Kwa hiyo dada asije akaambiwa "wewe mwili umezoea" akaacha vidonge.

MtotoWaMakorora, bado sijapata jibu langu la mtoto.

Bi_Asubuhi

Nimesoma huku moyo unadunda. Mimi ni WAVIU mshauri, yaani naishi na VVU na nawashauri wenzangu, nimejiweka wazi, kwa hiyo sina la kuficha. Nilipima 2009. Mume wangu alikuwa hoi, mimi natembea kwa miguu yangu kwenda sokoni. Enzi hizo dawa zilianzwa kwa kuangalia CD4, na zangu zilikuwa juu, nikaambiwa nisubiri. Marehemu alipotangulia mbele ya haki, wifi zangu walisema waziwazi: mwenye afya ndiye aliyeleta, kamtolea mwenzake akabaki yeye. Kilichowapa ujasiri ni kule kunenepa kwangu. Siku hizi naona wamehamia kwenye namba.

Nilianza dawa 2016 baada ya kutoka mwongozo wa kila mwenye VVU kuanza bila kungoja CD4. Daktari wangu aliniambia huenda mwili wangu ni wa hao wanaobana virusi. Sikujisifu. Kwanza sikuomba, pili hata hao nao hushuka mwishowe.

MkongeMweupe

Haya, tuseme mwili ni mwili. Sasa kirusi chenyewe hakina makosa? Maana mnazungumza kama kirusi ni kimoja Tanzania nzima.

BiMaabara

Swali zuri, na leo umenifurahisha. Si kimoja. Kwetu Tanzania kuna aina A, C na D, na nyingine zimechanganyika baada ya kukutana ndani ya mtu mmoja. Aina D imeonekana Uganda kuwafikisha watu kwenye ugonjwa haraka kuliko A.

Na kuna mifano miwili ya mbali inayoonyesha kirusi chenyewe kinaweza kuwa na nguvu au unyonge wake. Sydney, Australia, mtu mmoja alitoa damu, watu 8 wakaambukizwa kwa kuongezewa damu hiyo. Ikaja kugundulika kirusi chao kimekatika sehemu ya jeni ya nef, na wengi wao walikaa miaka mingi na virusi vichache. Kirusi kimoja, miili tofauti, upole ule ule. Upande wa pili ni Uholanzi: 2022 walitangaza aina waliyoiita VB, iliyokuwa ikizunguka tangu miaka ya 1990. Wenye nayo walikutwa na virusi mara 3.5 hadi 5.5 zaidi ya wengine, na CD4 zikishuka kwa kasi maradufu. Dawa lakini zinaiweza vizuri.

Watafiti walipolinganisha jozi za aliyeambukiza na aliyeambukizwa, wakakadiria kama theluthi moja ya tofauti za wingi wa virusi inatoka kwa kirusi chenyewe. Theluthi moja tu. Iliyobaki ni mwili uliokipokea, na hali za wakati ule.

DaktariMchanga

Niongeze kitu kinachoweza kuwashangaza. Tuseme mtu mwenye B*57 anakibana kirusi. Kirusi kinatafuta upenyo, kinabadilisha herufi moja kwenye Gag ili kisionekane. Kinapona, ila kimejilemaza: kinazaliana polepole. Sasa kikipita kwenda kwa mwenza asiye na B*57, kinafika kikiwa kilema. Utafiti wa wanandoa wa Zambia ulionyesha walioanza na kirusi kilema namna hiyo huwa na virusi vichache mwanzoni na CD4 zao hushuka polepole. Yaani unaweza kuwa na namba ndogo kwa sababu ya mwili wa mtu mwingine kabisa, ambaye labda hujawahi kumjua, aliyekuwa nacho kabla ya aliyekuambukiza. Halafu mtu anakuja na karatasi ya maabara kwenye kikao cha Ngamiani, anataka isomwe kama barua ya mjumbe!

Katika maambukizi mengi ya mke na mume anayeanzisha ni kirusi kimoja tu kati ya maelfu. Ikitokea vimeingia zaidi ya kimoja, wingi wa mwanzo huelekea kuwa mkubwa zaidi.

Kifaru_wa_Pwani

Mama alisema "hali za wakati ule". Hizo ni nini? Malaria imo? Maana shemeji wa mtu hapa Tanga lazima ana malaria, au mabusha.

BiMaabara

Unacheka lakini umegonga. Malaria imo. Malawi walipima watu wazima wenye VVU kabla ya malaria, wakati wa malaria na baada ya kutibiwa, ikachapishwa 2005. Wakati wa homa virusi vilipanda karibu mara mbili, kisha wiki kadhaa baada ya matibabu vikarudi. Sababu ni kwamba kirusi kinazaliana kwenye seli za kinga zilizoamka, na malaria inaziamsha zote. TB hufanya hivyo hivyo. Kama shemeji alipimwa akiwa na homa, sehemu ya ile 212,000 inaweza kuwa ya mbu. Si yote, maana mara mbili si mara 22.

Magonjwa ya zinaa yana namna yake. Malawi hiyo hiyo, Lilongwe, 1997: wanaume wenye VVU waliokuwa wanatoka usaha walikutwa na virusi mara 8 zaidi kwenye shahawa kuliko wasio nao, na kwenye damu hakukuwa na tofauti ya maana. Wakapewa antibiotiki, vikashuka. Kwa hiyo hata kinachoambukiza na kinachopimwa mkononi si lazima vilingane. Na sisi tuna la kwetu: Mwanza, kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa kama asilimia 40. Hiyo ni 1995.

Mabusha na matende, utafiti ni wa Mbeya, 2016. Wenye minyoo ile ya matende kwenye damu walipata VVU mara mbili ya wasio nayo. Hiyo inahusu kuambukizwa zaidi kuliko wingi wa virusi, lakini kwa mkoa kama wetu ni jambo la kulijua. Zile dawa za matende, zikigawiwa mitaani, watu wameze.

Asiyejulikana_Raskazone

Basi waangalie CD4. Mwenye CD4 chache ndiye wa zamani. Hapo hakuna ubishi.

DaktariMchanga

Upo ubishi. Watu wazima wazima wenye afya kabisa wanatofautiana, mmoja 500 mwingine 1,400, na wanawake huelekea kuwa juu kidogo. Wiki za mwanzo za maambukizi CD4 hushuka ghafla halafu hupanda tena. Na mwenye virusi vingi hushuka haraka. Ukikuta mtu ana CD4 250, anaweza kuwa wa miaka tisa au wa miaka miwili.

Kitu cha kutegemea zaidi kuhusu muda ni kipimo cha mwisho kilichokuwa hasi, na tarehe yake.

MtotoWaMakorora

Wakuu nimerudi, nilikuwa kazini. BiMaabara shikamoo, nisamehe kukuchelewesha. Ndiyo, mtoto yupo, ana miezi 14, ananyonya.

Na hilo la kipimo hasi limenishtua. Nimemuuliza dada. Kadi ya kliniki anayo: alipimwa mwanzo wa ujauzito, hasi, akapimwa tena karibu na kujifungua, hasi. Shemeji hakuwahi kupima hata siku moja mpaka mwezi uliopita. Kila akiambiwa alikuwa anasema cha mke kinatosha, wote ni mwili mmoja.

Kifaru_wa_Pwani

Ndoa nyingi hapa mjini zinaishi kwa kipimo cha mke.

BiMaabara

Marahaba mwanangu. Sasa acha kikao kwanza. Huyo mtoto amepimwa?

MtotoWaMakorora

CTC walimwambia amlete, ila baada ya mzozo ule dada alirudi nyumbani kwetu, tarehe ikapita. Nyumbani tukaona mtoto ana afya, anacheza.

BiMaabara

Kesho asubuhi. Usingoje Jumapili.

Nakueleza kwa nini. Kadi inasema dada alikuwa hasi karibu na kujifungua. Maana yake kuna uwezekano mkubwa aliambukizwa baadaye, akiwa ananyonyesha. Kumbuka ule mlima wa milioni 5 niliouandika juu: dada naye aliupanda, akiwa hajui, mtoto akiwa kifuani. Mama anayeambukizwa wakati wa kunyonyesha ana hatari kubwa ya kumpitishia mtoto kuliko mama aliyekuwa nacho zamani na yuko kwenye dawa. Hiyo 9,400 ya leo haisemi ilikuwa ngapi miezi iliyopita, na hata hiyo ya leo si ndogo kwa mtoto anayenyonya. Kule Rakai, Uganda, walipofuatilia wanandoa 415 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, hawakuona maambukizi kwa waliokuwa chini ya 1,500, na kila sifuri iliyoongezeka iliongeza hatari zaidi ya mara mbili. Hiyo ilikuwa ya mume na mke, kwa mtoto anayenyonya mlango ni mwingine. Ila virusi kuongezeka na hatari kuongezeka vinakwenda pamoja.

Mtoto hapimwi kwa kile kipimo cha kidole cha watu wazima, maana chini ya miezi 18 kinaweza kusoma kingamwili za mama. Atachukuliwa tone la damu kwenye kadi maalumu, lipimwe kirusi chenyewe. Suala la kuendelea kunyonya au kuachishwa, na la dawa ya kinga kwa mtoto, aamue na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Wazee wa kikao hawahusiki.

Bi_Asubuhi

MtotoWaMakorora, nitumie ujumbe wa faragha. Kama dada anaona haya kurudi pale peke yake, mimi nitakwenda naye. Kazi yangu ndiyo hiyo.

Asiyejulikana_Raskazone

Na hiyo karatasi kaka mkubwa kaipataje? Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ni siri ya aliyepimwa. Yeye anatembea na majibu ya mke wa mtu barazani.

MtotoWaMakorora

Shemeji ndiye aliyempa. Mambo ya sheria sitaki kuyafikisha huko, bado ni ndugu.

MkongeMweupe

Mimi nina swali la pembeni. Chanjo za malaria mmezijaribu Korogwe na Bagamoyo mpaka zimetoka. Ya VVU mbona kimya?

DaktariMchanga

Si kimya, ni kufeli. Jaribio la chanjo ya VVU lililoitwa PrEPVacc lilikuwa na vituo Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban. Sindano za chanjo zilisimamishwa 2023 ilipoonekana hazitakinga. Kirusi kinabadilika haraka mno. Hao wenye HLA nzuri wanaochunguzwa ndio wanaotupa picha ya wapi kwenye kirusi pa kubana, kwa hiyo haya tunayojadili hapa hayahusu ugomvi wa ndoa peke yake. Tuishie hapo, uzi ni wa watu.

MtotoWaMakorora

Mrejesho. Mtoto alipelekwa siku ile ile, Bi_Asubuhi alikwenda na dada, Mungu amlipe.

Kikao kimefanyika. Nilichapisha maelezo ya mama na daktari, nikaacha majina yenu ya humu. Kaka mkubwa alisoma yale ya Mbeya mara mbili, kisha akasema tafiti ni za watu na karatasi ni karatasi. Mjomba akafurahi, akadhani sasa ushindi ni wake, anataka kusema basi chanzo ni shemeji. Nikamwambia hapana mjomba, kadi ya dada inasema tu kwamba hakikuonekana kwake karibu na kujifungua. Shemeji anaweza kuwa alikipata kabla yake, anaweza kuwa alikipata kwake. Mjomba alininunia, mpaka leo hajapokea simu yangu.

Aliyenishangaza ni shemeji mwenyewe. Alikaa kimya kikao kizima. Tulipotajiwa kwamba mtoto amepimwa na majibu yanangojwa, akasimama, akaichukua ile karatasi mkononi mwa kaka yake, akaitia mfukoni, akatoka. Dada bado yuko nyumbani kwetu. Ila jana shemeji alikuja na maziwa na Panadol ya mtoto, wakazungumza uani. Sikusikia walichosema.

Majibu ya mtoto yametoka leo: hakijaonekana kirusi. Mama BiMaabara, sasa tumemaliza?

BiMaabara

Alhamdulillahi. Nimefurahi mwanangu, lakini bado. Jibu la leo linasema habari za mpaka siku damu ilipochukuliwa, na wiki mbili tatu za mwisho kabla ya hapo hazimo. Kama ameshaachishwa, arudishwe kupimwa wiki 6 baada ya ziwa la mwisho, na tena akifika miezi 18. Kama bado ananyonya, dozi ya dada isipite hata siku moja. Vidonge vya siku hizi vyenye dolutegravir vinashusha haraka: kwenye majaribio nusu ya watu walishuka chini ya 50 ndani ya siku 28 hivi, ingawa walioanza na virusi vingi kama laki mbili huchelewa zaidi. Mnyonyeshaji hapimwi wingi wa virusi kwa kungoja miezi 6 kama wengine, anapimwa baada ya miezi 3. Aulizie tarehe yake.

Na shemeji aulizie yake. Akienda CTC wampime TB pia, maana kwa 212,000 sitaki kuacha hilo lipite.

MtotoWaMakorora

Nimeandika zote. Nampigia sasa hivi.